Mwongozo kamili: jinsi ya kujiandaa na kipimo cha umeme wa neva na misuli (NCS na EMG), na kusoma ripoti yake bila kujitisha

Picha za ripoti ninazotumiwa zinafanana. Imepigwa kwa simu, imeinama, kivuli cha mkono kimeziba nusu ya namba, na chini yake swali moja: hii ina maana gani? Nikiuliza wewe umesoma nini naambiwa neno la mwisho tu, "kawaida" mtu akafurahi au "si kawaida" akakesha, zile namba zote za katikati kaziruka.

Alafu wapo waliofeli kabla hata ya ripoti. Kapimwa mapema mno, au mikono ya baridi, au kapaka losheni mwili mzima asubuhi hiyo, kwa hiyo kinachosomwa sio ugonjwa, ni maandalizi mabovu. Mimi kazi yangu ni kubandika elektrodi, vile vibandiko vya kunasa umeme wa mwili, na kusoma mawimbi, hukumu ya mwisho ni ya daktari aliyekukagua kwa mikono yake, ila ukifuata hatua hizi utaingia kwake ukiwa unajua unauliza nini.

## Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi ya daktari yenye swali linaloeleweka. "Apimwe neva" sio swali. "Ganzi ya vidole, ni kifundo cha mkono au ni shingo?" hilo ndo swali.
- Tarehe dalili zilipoanza, hata kwa kukadiria.
- Orodha ya dawa zako zote.
- Ripoti za nyuma za kipimo hiki, na za MRI kama ulipigwa.
- Nguo pana inayopanda juu ya goti na juu ya kiwiko.
- Glavu na soksi nzito. Hapana, sio utani, utaona hatua ya 4.
- Baada ya kipimo: ripoti NZIMA, yenye meza za namba, yaani majedwali, sio ule ukurasa wa hitimisho peke yake.

## Hatua ya 1: Elewa kwamba ni vipimo viwili

NCS inapima waya. Anakubandika elektrodi juu ya ngozi, anaipiga neva mshtuko mdogo sehemu moja, anasubiri umeme ufike sehemu nyingine.

EMG inasikiliza misuli. Hapa inaingia sindano nyembamba kama ya kushonea, na wengi wanaogopa wakidhani umeme utapita kwenye sindano. Haupiti. Sindano ni kama maiki tu, inasikiliza umeme ambao misuli yako yenyewe inautoa.

Vyote viwili havioni ubongo, havipimi maumivu, na havioni zile nyuzi nyembamba kabisa zinazobeba joto, baridi na hisia ya kuungua. Hilo la mwisho liweke kichwani, tutalirudia.

Ukielewa hatua hii: unaweza kumwambia mtu kwa sentensi moja kwa nini wewe unapimwa kimoja au vyote.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya siku

Hapa ndo watu wengi wanapoteza kipimo. Neva ikikatika leo, kile kipande cha chini ya jeraha hakifi leo. Kinaendelea kupitisha umeme kana kwamba hakuna kilichotokea. Mawimbi ya upande wa misuli yanazimika ndani ya kama wiki moja, ya hisia yanaweza kufika siku ya 10 au 11. Na dalili za sindano, yaani misuli kuanza kulalamika kwamba imeachwa, zinachukua wiki 2 hadi 3, misuli iliyo mbali na jeraha inachelewa zaidi.

Kwa hiyo mtu kaangukiwa na kitu Jumatatu, mkono hauinuki, Alhamisi kapimwa, ripoti inasema afadhali. Sio afadhali, ni mapema.

Fanya hivi: kama ni jeraha au mgandamizo wa ghafla, muulize daktari kama kipimo kikuu kinaweza kusubiri wiki 3 hadi 4. Saa ingine anataka cha mapema makusudi, kujua neva imezibwa wapi, hiyo sawa, ila ujue kuna cha pili kinakuja. Ganzi ya miezi na miezi haina haja ya kuhesabu.

Onyo: udhaifu unaopanda haraka kutoka miguuni, kupumua au kumeza kwa shida, au mkojo na choo kugoma huku katikati ya mapaja kumekufa ganzi, hizo sio za kusubiri tarehe ya kipimo. Nenda dharura siku hiyohiyo.

## Hatua ya 3: Sema haya kabla hujapanda kitandani

Usisubiri kuulizwa.

Kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kifuani: sema, kwa sababu mpimaji atabadilisha anapopigia mshtuko, na kama una waya wa muda unaotoka nje ya mwili hilo ni jambo zito zaidi. Dawa za kuzuia damu kuganda: sema, ila usiziache mwenyewe nyumbani, mara nyingi kipimo kinafanyika hivyohivyo kwa sindano nyembamba na kugandamiza kidonda muda mrefu, na hatari ya kuziacha inaweza kuzidi ya kidonda cha sindano. Mkono au mguu uliovimba kwa maji baada ya upasuaji wa tezi za limfu: sema, sindano huko huwa inaepukwa.

Kama unachunguzwa ule ugonjwa wa misuli kuchoka, mayastenia, na unatumia dawa yake, pairidostigimini, muulize daktari aliyekuandikia. Kawaida huwa wanaisimamisha kwa muda wa kama saa 12 kabla ya kipimo kama hali yako inaruhusu, maana dawa inaficha tatizo. Neno la kushika hapo ni "kama inaruhusu". Mwenye shida ya kumeza au kupumua haachi dawa ili tu apendeze kwenye mashine.

Na jambo dogo ambalo hata madaktari wanalisahau: baada ya sindano, kimeng'enya cha misuli, CK, kinaweza kupanda kidogo kwenye damu. Kama unatakiwa kupima CK toa damu kwanza. Na kama kuna mpango wa kukata kinyama cha misuli kwa uchunguzi, kisikatwe kwenye msuli uliochomwa.

## Hatua ya 4: Pasha mikono na miguu moto, na acha losheni

Nikiambiwa nichague hatua moja tu ya kupigia kelele, ni hii.

Neva ya baridi inapeleka umeme polepole. Kila nyuzi 1 ya joto inayoshuka, kasi inapungua takriban mita 2 kwa sekunde. Sasa fanya hesabu: mtu kaingia na kiganja chenye nyuzi 27 wakati tunataka kama 32. Tofauti ni 5, mara 2, umepoteza kama mita 10 kwa sekunde. Neva yake ya kweli ni 55, karatasi inaandika 45, na hiyo mkononi inahesabika imeshuka. Kaingia mzima, katoka mgonjwa.

Niliwahi kupewa ripoti ya mtu aliyeambiwa neva zote za mikono na miguu zina shida, zote zimechelewa kwa kiasi kilekile, ila mawimbi ni makubwa ajabu. Hiyo ni saini ya baridi, kwa sababu baridi inachelewesha wimbi lakini inalifanya liwe refu. Ugonjwa haufanyi hivyo. Nikatafuta joto la ngozi kwenye karatasi, halikuandikwa popote. Karudiwa mikono ikiwa imepashwa, namba zikarudi.

Fanya hivi: njoo na glavu na soksi, usizivue hadi uitwe. Ukiona vidole bado baridi omba maji ya vuguvugu au blanketi, usione aibu.

Losheni na mafuta: siku hiyo hapana, oga tu. Wimbi la misuli linapimwa kwa milivolti ila la hisia kwa mikrovolti, yaani dogo mara elfu, na ngozi yenye mafuta inalizamisha kwenye kelele.

Ukifaulu: ripoti yako ina mahali pameandikwa joto la ngozi, kama 32 mkononi na 30 au zaidi mguuni.

## Hatua ya 5: Mishtuko

Utasikia kama mpira wa kufungia umevutwa ukaachiwa kwenye ngozi, na kidole au unyayo unaruka wenyewe bila ruhusa yako. Inaanza kidogo inapanda, na inapanda kwa sababu: lazima nyuzi ZOTE za neva ziamke. Mpimaji anaongeza mpaka wimbi linagoma kukua, alafu anaongeza kidogo tena kuhakikisha. Ukimwomba aishie njiani utapata wimbi dogo la uongo, na ripoti itasema nyuzi zimekufa kumbe hazikuamshwa.

Lege mwili. Ukikaza, misuli inapiga kelele kwenye skrini na mshtuko unarudiwa.

Kuna ule wa kurudia mara nyingi, 2 au 3 kwa sekunde, ni wa mayastenia. Wanatazama kama wimbi linapungua kutoka pigo la kwanza kwenda la nne au la tano. Kushuka zaidi ya asilimia 10 ndo kunaleta mashaka.

## Hatua ya 6: Sindano

Inachoma, sitakudanganya, ila ni sekunde, sio dakika. Kwanza msuli unatakiwa ulale kabisa. Msuli mzima ukilala unanyamaza. Msuli uliopoteza neva yake unatoa vijisauti vidogo vya haraka vya mpangilio mmoja, fibrilesheni, na kwenye spika vinasikika kama mvua inayodondoka kwenye bati. Ukishaisikia mara moja huisahau.

Alafu utaambiwa kaza kidogo, alafu kaza sana. Hapa watu wanakosea, wanakaza nguvu zote tangu mwanzo wakidhani wanasaidia, kumbe ile ya "kidogo" ndo mpimaji anaitaka kuona yuniti moja moja, yaani uzi mmoja wa neva na kikundi cha nyuzi za msuli unachokiendesha.

Onyo: damu kidogo na maumivu ya siku moja mbili ni kawaida. Uvimbe unaokua, wekundu unaosambaa, au kubanwa pumzi baada ya sindano ya maeneo ya kifua, rudi haraka.

## Hatua ya 7: Soma meza ya mishtuko, safu tatu tu

Usianze na hitimisho. Anza na meza.

Latensi (ms): muda wa wimbi kufika. Kubwa kupita kiwango ni kuchelewa.

Amplitudi (mV au µV): urefu wa wimbi. Hii inakuambia nyuzi ngapi ziko hai.

Kasi (m/s): kwa mtu mzima mikono huwa 50 na kuendelea, miguu 40 na kuendelea, ila soma kiwango cha maabara yako kilichoandikwa pembeni.

Fikiria waya wenye plastiki yake. Plastiki ni mailini, ikichubuka umeme unachelewa, latensi na kasi zinaharibika. Shaba ya ndani ni aksoni, ikikatika amplitudi inashuka. Ukielewa hilo nusu ya ripoti umeshaisoma.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mtu kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi usiku, anaamka anakung'uta mkono. Neva ya midiani, ile inayopita katikati ya kifundo kwenda vidole hivyo: latensi kwenye kifundo 5.6 ms, amplitudi 8 mV, kasi kutoka kiwiko hadi kifundo 54 m/s. Neva ya alna, ile ya upande wa kidole kidogo, mkono huohuo: 2.8 ms, 9 mV, 58 m/s.

Sasa soma kwa utulivu. Midiani imechelewa, ila imechelewa kwenye kifundo tu, juu ya hapo inakimbia vizuri. Alna ya jirani yake iko safi, kwa hiyo sio baridi na sio ugonjwa wa mwili mzima. Amplitudi 8 maana yake shaba ipo. Huyu kabanwa neva kifundoni, plastiki imechubuka. Mkono uleule ungekuwa na amplitudi ya 1, na sindano kwenye kinofu cha chini ya kidole gumba inatoa mvua ya bati, hapo nyuzi zinakufa na mazungumzo na daktari ni ya haraka zaidi, maana plastiki inaweza kurudi ndani ya wiki au miezi michache ila aksoni inaota upya kwa kama milimita 1 kwa siku. Pima mwenyewe urefu wa mkono wako uone ni miezi mingapi.

Mfano mwingine kwa kifupi: surali, neva za hisia za nyuma na pembeni ya mguu chini ya goti, za miguu yote zimeshuka au hazipo, mikono salama, kasi imepungua kidogo tu. Nyuzi ndefu kuliko zote zimeanza kufa kwanza, picha inayoonekana sana kwa wenye kisukari. Kinyume chake ukiona mkononi 28 m/s huku amplitudi bado nzuri, basi plastiki ndo imeliwa, na hayo ni magonjwa mengine kabisa yenye dawa nyingine. Na kuna ile wimbi liko zuri ukipiga chini ya jeraha ila ukipiga juu yake linaanguka zaidi ya nusu. Hiyo ni njia kuzibwa, kama aliyelalia mkono akaamka kiganja kimening'inia, na mara nyingi huwa inarudi vizuri.

Onyo: baadhi ya wazee surali haipatikani kabisa na hawaumwi chochote. Namba moja iliyo nje ya kiwango, peke yake, sio ugonjwa.

## Hatua ya 8: Soma meza ya sindano

Fibrilesheni zinaandikwa 0 hadi 4+. 1+ au 2+ inaonyesha tu kwamba zipo, haipimi ukubwa wa ugonjwa.

Fasikulesheni ndo zinazowakosesha watu usingizi, mtu anahisi kope au shavu la mguu linacheza, anaingia intaneti, saa nane usiku kajiandikia wosia. Fasikulesheni peke yake, misuli ina nguvu, hakuna fibrilesheni, yuniti zina umbo la kawaida, kwa kawaida haina ubaya.

Yuniti zenyewe zifikirie kama kwaya. Neva ikiugua, waimbaji wanapungua, waliobaki wanabeba sauti za wenzao na kupiga kelele: yuniti kubwa, ndefu, chache, zinazokimbia sana. Msuli wenyewe ukiugua, waimbaji wote wamekuja ila hawana sauti: yuniti ndogo, fupi, na nyingi zinaitwa mapema hata kwa kukaza kidogo.

Alafu angalia msuli GANI, sio tu kuna nini. Misuli yote mibovu inalishwa na neva moja? Tatizo liko kwenye neva hiyo. Inalishwa na neva tofauti ila mzizi mmoja wa mgongo? Tatizo liko shingoni au kiunoni.

## Hatua ya 9: Ripoti kawaida, ila wewe bado unaumwa

Hujadanganya na mashine haijadanganya. Angalia sababu hizi kabla hujakata tamaa.

Ya kwanza, nyuzi nyembamba. Miguu inaungua usiku, shuka likiigusa ni mateso, NCS safi kabisa. Kipimo hiki kinaona nyuzi nene tu. Uliza kuhusu kipimo cha kinyama cha ngozi.

Ya pili, mzizi wa mgongo. Hii inachanganya hata wasomi: mguu una ganzi, ila mawimbi ya hisia ni ya kawaida. Ni kwa sababu seli ya neva ya hisia inakaa nje kidogo ya pale mzizi unapobanwa, kwa hiyo waya wa kutoka kwenye seli hadi mguuni uko hai na unapiga vizuri. Na kama mzizi umebanwa ukaathirika upande wa hisia peke yake, hata sindano itakuwa safi. Kipimo safi hakifuti mgongo.

Ya tatu, mapema mno, rudi hatua ya 2. Hata ule ugonjwa wa kupooza unaopanda kutoka miguuni, Guillain-Barré, wiki ya kwanza NCS inaweza kuwa karibu safi, saa ingine kilichoharibika ni wimbi F au rifleksi H tu, yale mawimbi yanayopanda hadi uti wa mgongo na kurudi, mistari ya chini ambayo hakuna anayeisoma.

Ya nne, tatizo liko juu zaidi, ubongo au uti wa mgongo wenyewe, na huko kipimo hiki hakifiki.

Ukirudi kwa daktari uliza hivi: tatizo ni plastiki au shaba? Liko wapi hasa? Joto la ngozi lilikuwa ngapi? Je hiki kinaendana na ulichokikuta ukinikagua? Nirudie lini, au hakuna haja? Akisema urudie, omba iwe maabara ileile na mkono uleule, maana kulinganisha namba za mashine mbili tofauti zenye viwango tofauti ni kutafuta ugomvi na karatasi. Na hiyo ripoti ya kwanza usiitupe.